Kabla hujachimba kisima kingine, lipa fundi wa kilichopo

Ramadhani ikikaribia, simu yangu hujaa picha za visima. Sakafu mpya ya saruji, pampu ya mkono iliyopakwa buluu, watoto wamekinga viganja wanywe maji, na pembeni kibao cha marumaru chenye jina la marehemu mama wa mfadhili. Chini ya picha pana namba ya kutuma mchango wa kisima kingine. Huwa nachangia, na Mungu akinipa uzima nitaendelea kuchangia. Lakini nina ombi kwa kila anayetoa, awe mfanyakazi wa Mombasa, ndugu yetu aliyeko Muscat au waumini wa kanisa fulani Ulaya: mwaka huu pesa ya kisima kipya iende kwanza kutunza vilivyokwisha kuchimbwa.

Pita vijiji vya Msambweni au Kinango, hapa kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya, uone mwenyewe. Haichukui muda kukuta pampu iliyosimama, mpini wake umefungwa kamba ili watoto wasiuchezee, na kibao cha mfadhili bado kinasomeka vizuri kabisa. Wakati mwingine pampu mpya imesimikwa si mbali na ile iliyokufa, kwa sababu kila mfadhili anataka cha kwake. Tatizo hili si la Kwale peke yake. Makadirio ya mtandao wa wataalamu wa maji vijijini, yaliyotolewa mwaka 2009, yalionyesha kuwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara takriban pampu moja ya mkono kati ya tatu ilikuwa haitoi maji.

Kwale inaniuma zaidi kwa sababu hapa ndipo jambo hili lilipofikiriwa mapema. Pampu ya Afridev, ambayo leo imeenea Afrika Mashariki na kwingineko, sehemu kubwa ya majaribio yake ilifanyika hapa miaka ya 1980, katika mradi uliofadhiliwa na Sweden na kuhusisha Benki ya Dunia na Umoja wa Mataifa. Iliundwa makusudi ili mwanakijiji aweze kuitengeneza. Unaifungua kwa spana moja. Fito zake za chuma zinashikana kwa kulabu, na pistoni, kile kipande kinachopandisha maji, unaivuta juu bila kung'oa bomba lililo kisimani. KWAHO, shirika la Kenya la maji na afya, lilizunguka vijijini kufundisha kina mama kuzishughulikia, wakati ambapo watu wengi walidhani kushika spana ni kazi ya mwanamume. Baadhi ya pampu za enzi zile zilidumu miongo mingi zikitoa maji. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba kijijini hakuna anayejali au kwamba vitu vya msaada haviwezi kudumu.

Hebu tufuate kinachotokea pampu ikiharibika. Mara nyingi kilichochakaa ni mpira wa pistoni. Mama anapampu, mpini unakuwa mwepesi, maji yanakuja kidogo kidogo, halafu yanakatika. Mpira wenyewe ni kitu kidogo kinachoenea kiganjani, na bei yake si ya kumshinda mtu. Lakini anayeuuza yuko mjini. Lazima apatikane wa kwenda, na nauli yake ya bodaboda kwenda na kurudi huenda ikazidi bei ya mpira. Akifika duka limefungwa, au amepewa mpira wa pampu ya aina nyingine. Kisha atafutwe fundi, na fundi aliyefundishwa mradi ulipoanza ameshahamia Ukunda kutafuta riziki. Kamati ya maji inaitwa ikusanye pesa. Mweka hazina anafungua daftari lake: mwezi wa Februari, wakati wa jua kali, karibu kila nyumba imelipa. Aprili mvua ilipoanza, wengi walirudi kwenye malambo na visima vya wazi ambako maji ni ya bure, na safu ya malipo ikabaki tupu. Sasa pampu imeharibika Mei na sanduku halina kitu. Nani atoe kwanza? Aliyelipa miezi yote anasema yeye ameshalipa. Ambaye hakulipa anasema pesa za mwanzo zilienda wapi. Wiki zinapita, mtoto anaanza kuharisha, na haya yote ni kwa ajili ya mpira.

Ndiyo maana jaribio lililofanyika Kyuso, kule Kitui, nalithamini kuliko sherehe nyingi za uzinduzi nilizoziona. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka ndani ya mpini wa pampu kifaa kidogo kinachohisi mwendo na kutuma ujumbe kwa mtandao wa simu. Mpini usipotembea kama kawaida, fundi anajua, anapanda pikipiki na kwenda. Kabla ya hapo, pampu iliyoharibika ilikuwa inakaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Baada ya hapo ilikuwa chini ya siku 3. Kutokana na kazi hiyo ikaanzishwa FundiFix, biashara ya ukarabati inayofanya kazi Kitui na Kwale. Kijiji kinalipa ada ndogo kwa utaratibu, fundi ana mshahara na vipuri viko stoo, na pengo ambalo ada haiwezi kuziba linazibwa na mfuko wa wafadhili. Mimi naiita hiyo biashara yenye utu, kwa sababu fundi anapata riziki yake maji yakitoka. Yakikatika, ni yeye wa kwanza kuulizwa.

Najua jibu la baadhi ya watu wa mashirika: wananchi wajitegemee, la sivyo hawataona kisima ni chao. Kwa heshima yote, hoja hiyo siikubali. Anayekaa Nyali ya Mombasa au Kilimani ya Nairobi, mitaa ya wenye nazo, bomba lake likipasuka haitwi kikao cha majirani. Analipa bili, na kuna kampuni yenye mafundi wa mshahara. Hata mitambo mikubwa inayomletea maji haikujengwa kwa bili yake peke yake. Serikali imekopa na kujenga. Vipi basi mama wa Kinango, mwenye kipato kidogo kuliko hao wote, ndiye awe fundi, mhasibu na mwenye benki, tena kwa kujitolea? Alipe ada, ndiyo, na ninaowafahamu wako tayari kulipa wakiona maji. Kumwachia mzigo wote si kumjengea kujitegemea.

Sisi Waislamu tuna sababu ya ziada ya kulifikiria hili. Tunachimba visima kwa nia ya sadaka inayoendelea, ile ambayo Mtume (SAW) alitufundisha kwamba thawabu zake hazikatiki mtu akifa. Sayyidna Uthman alikinunua kisima cha Ruma pale Madina akakitoa kwa Waislamu, na hadi leo tunasimuliana. Nia njema Mungu anaijua na malipo ni yake, sina la kusema hapo. Ila wazee wetu wa mwambao hawakuishia kwenye nia. Aliyejenga msikiti aliweka pamoja nao duka, nyumba au shamba la minazi kuwa wakfu, ili kodi na mavuno yanunue mikeka, yalipe mwadhini na kutengeneza birika la udhu. Mji Mkongwe wa Zanzibar umejaa nyumba za namna hiyo, na Mombasa zipo. Kilichojengwa kiliachiwa cha kukilisha. Hivi leo tunamchimbia marehemu kisima, tunapiga picha, na hatuachi hata shilingi ya mpira wa pistoni. Pesa zinazochimba visima viwili zingeweza kuchimba kimoja na zilizobaki zikanunua kibanda cha kupangisha sokoni, kodi yake ikawa ya kisima kile miaka yote.

Wakubwa wenye mamilioni nao wamevutwa na kitu kipya. Mwaka 2006 ulitangazwa Marekani mpango wa dola milioni 16.4 wa kusambaza pampu zinazoendeshwa na bembea ya watoto ya kuzunguka, lengo likiwa pampu 4,000 katika nchi 10 kufikia 2010. Kwenye picha zilipendeza sana. Msumbiji, zilipoharibika, kina mama walijikuta wakiisukuma bembea kwa mikono na kusubiri mafundi wasiofika, na baadaye shirika lililokuwa likizisambaza likakabidhi shughuli zake kwa lingine. Wahenga walishasema, usiache mbachao kwa msala upitao. Pampu za kawaida zilizong'olewa kupisha bembea hizo zilikuwa zinatosha, lau angekuwepo wa kuzitunza.

Kwa makampuni, ninachoomba ni kigumu zaidi kwa sababu hakipigwi picha. Tumezoea ile hundi kubwa ya mfano inayoshikwa na watu watano, fulana zenye nembo, na meneja kufungua bomba. Mshahara wa fundi hauna utepe wa kukatwa. Lakini kampuni inayotaka kweli kuwa jirani mwema ichukue visima ishirini katika eneo lake, isaini mkataba wa miaka kumi, na ilipe kulingana na siku ambazo maji yametoka. Wapo wafadhili wa kimataifa waliokwisha kuanza kulipa hivyo, kwa huduma iliyoonekana. Hapa Kwale Base Titanium ilichimba madini kuanzia mwaka 2013 na kusimamisha uchimbaji Desemba 2024. Kampuni ya madini lazima iondoke siku moja, mchanga wenye madini ukiisha. Miradi ya jamii inayobaki nyuma yake, iwe ya kampuni hii au nyingine yoyote, inahitaji mlipaji ambaye hataondoka. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inaipa jamii inayozunguka mgodi asilimia 10 ya mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa serikali kwa madini inayochimba, na kaunti asilimia 20. Pesa ya namna hiyo ndiyo ningependa ifungiwe kwenye mfuko wa matengenezo, kabla haijagawanywa kwenye majengo mapya.

Na kaunti isijifiche nyuma ya sadaka zetu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na huduma ya maji imo mikononi mwa kaunti. Mchango wetu uingie pale ambapo kuna mpango wa kaunti, mafundi wanajulikana na vipuri vina stoo. Mfadhili anayechimba bila kuiambia ofisi ya maji anawaachia watu pampu isiyo kwenye orodha ya yeyote.

Jamaa zangu wa kikundi cha kuchangiana tumelijadili hili kwa muda, na haikuwa rahisi. Mmoja wetu amefiwa na baba na alitaka sana kisima chenye jina lake. Tumekubaliana hivi: mchango utatengeneza pampu nne zilizosimama, utanunua akiba ya mipira na fito, na kila mwezi kila mmoja wetu atatuma shilingi 200 kwa M-Pesa kusaidia kumlipa fundi, juu ya ada ya wanakijiji. Jina la mzee litaandikwa kwenye daftari la matengenezo, ukurasa wa kwanza. Mwanawe ameridhia, na ndiye aliyejitolea kuweka hesabu.