Kunyimwa Blue Badge kwa mtoto mwenye usonji: barua ya pili iandikwe hivi

Kuna habari ya mtoto mwenye usonji ambaye halmashauri imemnyima Blue Badge, yaani kibali cha mtu mwenye ulemavu kuegesha gari karibu na anakokwenda, kwa kuwa "anatembea vizuri". Huko England sababu hiyo peke yake haitoshi. Tangu tarehe 30 Agosti 2019 vigezo vinahusu pia safari inayomletea mtu dhiki kubwa sana ya kiakili, au inayohatarisha vibaya afya na usalama wake au wa wengine.

Sheria haitoi haki ya kukata rufaa, ila unaweza kuiomba halmashauri ipitie uamuzi upya. Kwanza shika barua yao na ujibu sababu iliyoandikwa humo, si nyingine. Wengi huambatisha barua ya utambuzi wa usonji wakadhani imetosha. Ile inathibitisha hali, haielezi kinachotokea kati ya gari na mlango wa duka. Hapo ndipo maombi mengi yanapoangukia. Andika: hukimbilia barabarani, hujilaza chini, mara ngapi kwa wiki, nani humshika, baada ya mita ngapi. Eleza pia mbinu mlizojaribu (kumshika mkono, kigari, vizuia kelele) na kwa nini hazitoshi, maana anayepima maombi ataliuliza hilo. Mwombe mwalimu au mtaalamu anayemjua aandike alichokiona mwenyewe.

Akiwa na umri wa miaka 3 au zaidi na anapokea DLA (posho ya serikali kwa wenye ulemavu) ya kiwango cha juu cha kutembea, mtoto anastahili moja kwa moja, bila mjadala. Wakikataa tena, fuata utaratibu wa malalamiko wa halmashauri, kisha Ombudsman (mchunguzi huru wa malalamiko) wa serikali za mitaa. Yeye huchunguza kama utaratibu ulifuatwa. Kibali chenyewe hatoi.