Vijana wa Roki wa Malindi Wasiikimbilie Nairobi

Malindi sasa ina bendi ya roki, nayo ni bendi ya vijana wanne ambao bado hawajakubaliana juu ya jina, kwa hiyo watu huwaita kwa mtaa wanakofanyia mazoezi: wale vijana wa Barani. Wanapiga nyimbo walizotunga wenyewe, hawana meneja, hawana mkataba na kampuni yoyote ya kurekodi, na vyombo vyao wamevinunua kimoja kimoja kwa fedha za vibarua. Mimi ni miongoni mwa wanaowaunga mkono, na ninaandika haya nikijua kwamba watayasoma. Maoni yangu ni kwamba kwa upande wa fedha wamejitegemea kuliko nilivyotarajia, lakini kwa upande wa sauti bado wanaishi kwa kukopa, na safari ya Nairobi wanayoipanga itawaumbua mbele ya watu wasio na sababu ya kuwahurumia.

Namna walivyokutana si ajabu kwa mtu anayeujua mji huu. Mpiga gita na mpiga besi walijuana kanisani, mahali ambapo kijana asiye na uwezo wa kununua chombo hupata angalau nafasi ya kukishika kila Jumapili. Mpiga dramu ametoka Ganda, nje kidogo ya mji, amekulia katika ngoma za Kigiriama, na kabla ya kukalia dramu za kizungu alikuwa tayari anajua kuupa kila mkono kazi yake. Mwimbaji, ambaye mamake ni mtu wa Lamu, alijifunza kuimba katika maulidi kwa kusoma kasida, yaani mashairi ya kidini, pamoja na watoto wenzake wa chuo cha Kurani. Mpiga besi hutengeneza simu mchana, na ndiye anayeunga nyaya zao zote kwa risasi ya kulehemu kila zinapokatika, jambo linalotokea mara nyingi. Chumba chao kimefunikwa magunia na mikeka chakavu ukutani ili majirani wapate usingizi, nao hunyamaza kila adhana inapolia bila kuambiwa na mtu. Hewa ya chumvi haiwaonei huruma: nyuzi za gita zisipofutwa baada ya kila zoezi hushika kutu upesi, na nimemwona mpiga gita akizifuta mmoja mmoja kwa kipande cha kanga kabla hata hajanywa maji.

Niliwahi kumuuliza kijana huyo kwa nini hawaombi kazi katika mojawapo ya hoteli za Malindi au Watamu, ambako wageni, hasa Waitaliano, wamekuwa wakiburudishwa na bendi za hapa kwa miaka mingi. Akanijibu, "Ami, sisi hatupigii watu wanaokula." Jibu hilo lilinichekesha, kisha likanifikirisha, kwa sababu hoteli ndiyo iliyolea sehemu kubwa ya muziki wa bendi katika Pwani ya Kenya. Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa ukoo wa Harrison iliyoanza Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikomaa katika hoteli za ufukweni, na kutoka huko ukatoka Jambo Bwana, wimbo wa salamu kwa watalii ambao kundi la Boney M liliurekodi kwa namna yao mwaka 1983. Bendi ile ilipiga mengi zaidi ya hayo, lakini hadi leo mpiga muziki yeyote anayesimama kando ya bwawa la hoteli ataombwa wimbo ule, na akimaliza ataombwa tena na meza ya pili. Hoteli hulipa, hutoa chakula cha usiku, na humfundisha mtu kupiga muda mrefu bila kukosea. Gharama yake ni kwamba baada ya miaka michache huna wimbo wako mwenyewe unaoweza kuumaliza bila mtu kukukatiza. Ninaona vijana hawa wamefanya vyema kukaa mbali na mkataba wa kila usiku, ingawa sioni dhambi ya kupiga hotelini mara moja moja ili kununua ngozi mpya ya dramu.

Kinachonisumbua ni kile wanachokipiga wanapokuwa huru. Nyimbo zao nyingi ni za Kiingereza, zinakwenda kwa mapigo manne ya kawaida ya roki, na mwimbaji akianza kuimba hubana pua na kulegeza maneno kama mtu aliyezaliwa Seattle, Marekani. Anafanya hivyo vizuri. Hata hivyo, kila anapojaribu kipaza sauti kabla ya zoezi hahesabu moja, mbili, tatu kama wengine. Huimba kipande cha kasida, sauti inapanda, inazunguka juu ya silabi moja kwa muda, inashuka taratibu, na chumba kizima husimama. Kisha spika zikishakuwa sawa, huiweka sauti hiyo kando na kuanza kazi. Kwa maoni yangu, kazi yenyewe ni ile aliyoiweka kando.

Najua watakalojibu, kwamba roki ni roki na kasida ni kasida. Lakini Pwani hii haijapata kuogopa kuchukua sauti ya mbali na kuifanya yake. Zein l'Abdin, fundi wa udi, kile chombo cha nyuzi cha Kiarabu, aliyezaliwa Lamu, alipiga taarabu iliyokuwa karibu sana na Uarabuni, huku mashairi yake yakiwa ya Kiswahili cha kwetu. Juma Bhalo alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayapachika mashairi ya Kiswahili, na watu wakalia harusini kana kwamba mahadhi yale yalizaliwa hapa. Bango ya Mzee Ngala, muziki wa dansi wa hapa Pwani, iliingiza saksafoni na midundo ya Kilatini. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeomba radhi kwa kuazima. Walichokuwa nacho wote ni neno, yaani shairi lenye vina na mizani, lililoimbwa kwa sauti ambayo mama aliyekaa nyuma angeitambua. Na kwa wale wanaosema makelele si desturi yetu, nitawakumbusha kisa cha Fumo Liyongo, ambaye alikata minyororo yake gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, huku ngoma na nyimbo alizowafundisha watu waliokuwa nje zikifunika sauti ya chuma. Makelele yale yalikuwa na kazi.

Kuna jambo la kiufundi pia, nami nitalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu ndipo penye utajiri ambao bendi hii inaukalia bila kujua. Gita la roki lenye sauti iliyokwaruzwa kwa pedali halipigwi sana kwa mipangilio mikubwa ya sauti nyingi, kwa kuwa zikirundikana huvurugika; mpigaji hupiga sauti mbili tu, ya kwanza na ya tano katika ngazi ya sauti, na ile ya tatu, inayoamua kama wimbo ni wa furaha au wa huzuni, huachwa wazi. Nafasi hiyo iliyoachwa wazi ndiyo anayoihitaji mtu aliyelelewa na kasida na taarabu, kwa sababu anaweza kuimba juu yake kwa hijazi, mojawapo ya ngazi za sauti za Kiarabu, bila kugongana na gita. Hijazi yenyewe inapigika kwenye gita la kawaida bila taabu. Rasti na bayati, ngazi nyingine za Kiarabu, ni ngumu zaidi, kwani zina sauti za robo ambazo vyuma vya shingo ya gita havina, ilhali udi, usio na vyuma hivyo, huzipata kwa kusogeza kidole tu. Mpiga gita atalazimika kuvuta uzi kuitafuta sauti, au kumwachia mwimbaji. Wala si kwamba roki itakuwa inakutana na udi kwa mara ya kwanza. Dick Dale, Mmarekani mwenye asili ya Lebanoni aliyeujenga mtindo wa gita la kasi huko California, alifunzwa ngoma za Kiarabu na ami yake aliyekuwa pia mpiga udi, na wimbo wa kale wa mashariki ya Bahari ya Kati alioutoa mwaka 1962 ndio uliomtambulisha duniani.

Upande wa mdundo, mpiga dramu tayari anao mlango. Chakacha, ngoma ya harusi za Waswahili, hutembea kwa mapigo sita ambayo sikio linaweza kuyagawa mawili mawili au matatu matatu, na dramu za roki zikiingia humo, besi ikishika mgawanyo mmoja na gita ule mwingine, bendi hupata msukumo ambao mapigo manne hayautoi. Wana wimbo mmoja tu wa namna hiyo, hauna maneno, na huupiga mwisho wa zoezi wakiwa wamechoka na wanacheka. Ndio wimbo wao bora. Shairi la mizani kumi na sita, nane kwa nane, lingeukalia bila kukatwa hata silabi moja, na katika mji wenye malenga wa kutosha sioni sababu ya mtu kukosa wa kumsahihishia vina.

Sasa kuhusu Nairobi. Vijana hawa wanataka kupiga huko kabla ya mwaka kwisha, halafu watafute njia ya kufika Ulaya. Nia ni njema, ila mpangilio wake siukubali. Nairobi ina wapenzi wa roki wa miaka mingi. Wamesikia bendi za huko kama Parking Lot Grass, Last Year's Tragedy na Crystal Axis, na bendi ya Malindi inayoimba Kiingereza cha Marekani itapokewa kama nakala iliyochelewa basi. Duma, wawili wa Nairobi waliotoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes, kampuni ya muziki ya Kampala, walisikika Ulaya kwa sababu hawakufanana na mtu, wala hawakulainisha kelele zao ili wapendwe. Tazama pia jangwa la Sahara. Tinariwen, bendi ya Watuareg wa Mali, wanaimba Kitamasheki, lugha yao, na mwaka 2012 walipata tuzo ya Grammy. Mdou Moctar wa Niger alijitengenezea gita la kwanza kwa mbao na nyaya za breki za baiskeli, nyimbo zake zikasambaa kwa kadi za simu kutoka mji hadi mji, na leo anajaza kumbi za Marekani kwa lugha ambayo wengi wa wasikilizaji wake hawaelewi neno lake hata moja. Kiingereza hakikuwafungulia mlango wowote.

Funzo la Zambia ni chungu zaidi, nalo linahusu haki. Katika miaka ya 1970 nchi ile ilikuwa na bendi za roki zenye nguvu, WITCH ikiwa mojawapo, na wenzao wa Musi-O-Tunya walifika hadi Nairobi kufanya kazi. Kisha uchumi ukaanguka, magonjwa yakachukua wanamuziki wengi, na rekodi zao zikalala hadi zilipotolewa upya ng'ambo miongo kadhaa baadaye. Emanuel Chanda, mwimbaji wa WITCH anayejulikana kama Jagari, aliishi kuuona umaarufu huo mpya, akazunguka Ulaya na kutoa albamu nyingine kwa jina la WITCH mwaka 2023, lakini wenzake wengi walikuwa wameshafariki. Kwa hiyo nimewashauri vijana wa Barani kwamba kabla ya nauli ya Nairobi watumie fedha hizo kurekodi nyimbo nne hapa hapa, wote wakipiga kwa pamoja katika chumba kimoja cha nyumba ya mawe ambayo kuta zake nene zitazuia sauti, waandikishe kazi yao kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kwa majina ya wote wanne, waweke nakala halisi mahali zaidi ya pamoja, kisha waziuze wenyewe. Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, huchukua asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kidijitali, na ni dalali gani wa mjini atakayeridhika na kiasi hicho?

Onyesho la kwanza walifanye Malindi, mahali pa wazi, saa za jioni, kwa kiingilio ambacho mwendesha bodaboda anaweza kukilipa, na wamwalike mzee wa mtaa ambaye amekuwa akilalamikia makelele. Mwimbaji na mpiga dramu wamekubali. Mpiga besi yuko upande wa yeyote atakayemletea nyaya zisizokatika. Mpiga gita bado anapinga, anasema nikimwondolea Kiingereza na mapigo manne nitakuwa nimemwondolea roki yenyewe, na kwamba hakuacha bendi ya kanisa ili aje kupiga taarabu kwa sauti kubwa. Nimemwomba jambo moja tu: auchukue ule wimbo wa mapigo sita, amwachie mwimbaji aweke shairi, na pedali aikanyage hadi mwisho.