Kipilefti cha Kushika Kulia

Nilitua Maskati mwezi wa Septemba nikiwa na leseni ya Tanzania, leseni ya kimataifa ambayo wino wake ulikuwa bado unanukia, na miaka 15 ya kuendesha gari Dar es Salaam. Hiyo miaka 15 ndiyo iliyoniponza. Mtu akishazoea kutoka Tandika hadi Mwenge saa kumi na mbili jioni, bodaboda kulia, bodaboda kushoto na daladala inampumulia kisogoni, hujiona hakuna barabara duniani yenye cha kumfundisha.

Nilikwenda kumsalimia shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Yeye alihamia Omani miaka ya 1970, baada ya Sultani Qaboos kushika nchi na kufungua milango kwa watu wa Unguja na Pemba wenye asili ya huko. Mwanawe mkubwa ana Land Cruiser, na aliniambia niichukue nitembee nayo. Nikakataa. Tangu Dar nilikuwa nimeshatangaza kwenye kundi la ukoo kwamba safari hii shangazi atatembezwa na mimi, kwa gari langu, kwa pesa yangu. Mwanamume akishatangaza jambo kwenye kundi la ukoo, kurudi nyuma ni kazi.

Gari nilikuwa nimeshaliwekea oda kwenye mtandao. Pale uwanja wa ndege kijana wa kaunta akaniomba kadi, nikampa. Akaigeuza mara mbili, akaniangalia kama daktari mwenye majibu mabaya. Alitaka kadi ya mkopo, tena yenye jina la dereva mwenyewe. Yangu ilikuwa ile ya kutolea pesa kwenye mashine. Nikamwambia pesa ninayo, taslimu. Akatikisa kichwa. Nikamfungulia simu nimwonyeshe salio la pesa za kwenye simu, na hapo mteja wa nyuma yangu akakohoa. Baadaye nilielewa kwamba malipo ya gari yenyewe hayakuwa shida. Walitaka kitu cha kushikilia mpaka wahakikishe gari limerudi zima na faini za kamera hazipo. Oda yangu ikafa palepale.

Shangazi akanipeleka kwenye ofisi ndogo ya mtaani, Ruwi, wanakopokea taslimu. Rial kumi kwa siku. Kumi! Kwa mtu aliyezoea kuhesabu malaki, kumi si bei, ni salamu. Nikasema naam kabla karani hajamaliza sentensi. Ndipo nikapiga hesabu: rial moja ni zaidi ya dola mbili na nusu, kwa hiyo hiyo salamu ni kama dola 26 kila siku. Na amana ni rial 100, nitarudishiwa wiki mbili baada ya kurudisha gari, maana faini za kamera huchelewa kufika. Nikamwambia mimi naondoka baada ya siku nane. Akasema hapana neno, atakuja kuichukua mama. Mama akaitikia kwa kichwa.

Mkataba ulikuwa kurasa nne, Kiarabu upande huu, Kiingereza upande ule, herufi za ukubwa wa mbegu za ufuta. Nikausaini kama mtu anayesaini kitabu cha wageni. Karani akalizunguka gari na karatasi yenye mchoro, akatia alama mbili tatu, nikasaini na hiyo bila kuitazama. Shangazi naye alikuwa analizunguka gari taratibu, simu mkononi, midomo inacheza. Nikadhani analisomea dua.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshafungua mlango, nimeshakaa, nimeshavuta mkanda. Mbele yangu kulikuwa na droo ya kuwekea karatasi.

Omani wanaendesha kulia, usukani uko kushoto. Hilo nilikuwa nalijua kichwani, ila makalio yalikuwa hayajapata habari. Na kuna jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: hata vijiti vya kwenye usukani vimehama. Kwenye magari yetu ya Japani indiketa iko mkono wa kulia na waipa mkono wa kushoto. Kule ni kinyume chake. Kwa hiyo kila nilipotaka kukata kona, waipa ziliruka juu ya kioo kikavu, krrr, krrr, jua likiwa linachoma na mbingu nyeupe.

"Mvua iko wapi, mwanangu?" shangazi akauliza mara ya kwanza.

Mara ya pili akanyamaza. Mara ya tatu alitoa tasbihi kwenye mkoba.

Kisha tukafika kwenye mzunguko. "Shangazi, hapa kwenye kipilefti natoka wapi?"

"Kipilefti ndiyo nini?"

"Hili duara la katikati ya barabara."

"Mbona wataka kuingia kushoto?"

"Si kipilefti? Ndiyo maana ya jina lake, shika kushoto."

"Huku unashika kulia! Kulia, weee! Basi hicho ni kipiraiti!"

Gurudumu la mbele lilikuwa limeshaingia upande wa makosa. Mbele yangu likatokea lori la maji, dereva wake ametoa macho. Nikakanyaga breki, nikawasha waipa. Lori likasimama. Na hapa lazima niseme haki ya Waomani: hakuna aliyepiga honi. Ingekuwa Buguruni ningeshajua ukoo wangu mzima una kasoro gani. Yule dereva alinionyesha tu kwa kidole, taratibu, kama anamfundisha mtoto kula: zunguka hivi.

Kesho yake ilikuwa safari kubwa. Shangazi alitaka kwenda Jebel Akhdar, mlima wa kijani, kwenye baridi, kunakolimwa komamanga, na Septemba ndiyo msimu wake. Asubuhi mwanawe akatukuta tunapakia chupa ya kahawa. Akalitazama gari langu, akaitazama Land Cruiser, akafungua mdomo. Shangazi akamkonyeza, akaufunga. Nililiona hilo, nikalipuuza.

Tukajaza mafuta kwanza. Kwetu mafuta hununuliwa kwa noti, kwa hiyo nikamwambia kijana wa pampu, kwa sauti ya mtu mwenye nazo, aweke ya rial 20. Akacheka. Lita moja ilikuwa haifiki robo rial. Tangi zima la kile kigari lisingemaliza hata kumi.

Barabara ya Nizwa ni njia pana, lami kama kioo, milima ya mawe mitupu pande zote. Dar sijawahi kupata nafasi ya kukanyaga mafuta namna ile, na ukitoka nje ya mji kuna askari na tochi yake kichakani. Nikawa natazama madereva wanaokuja upande wa pili, labda mmoja atanimulika taa kunionya. Hakuna aliyemulika. Tochi za kule hazina askari. Ni masanduku yamesimama kando ya barabara yanapiga picha, hayali wala hayalali. Mara gari likaanza kulia: ting, ting, ting. Nikashtuka, nikaegesha pembeni, nikafungua boneti. Shangazi akateremsha kioo.

"Watafuta nini humo?"

"Gari lina hitilafu, linalia."

"Umepita 120. Magari ya huku husema. Funga hiyo boneti twende."

Tukafika Birkat al Mawz, mguuni pa mlima, karibu saa tano. Pale kuna kizuizi cha polisi. Askari akaomba leseni na mulkiya, yaani kadi ya gari. Akasoma, akainama akatazama magurudumu, akauliza kama gari ni fo-wili. Kwa nukta moja nilifikiri kwa makini, nikamjibu kwamba ndiyo, manne, na la tano la akiba liko kwenye buti.

Hakucheka. Kwenye Jebel Akhdar hupandi kama gari lako halivuti kwa magurudumu yote manne. Mteremko ni mkali na mrefu, na watu wameshaunguza breki wakati wa kushuka. Shangazi akamtolea Kiarabu chote alicho nacho, cha kubembeleza na cha kukaripia. Askari alimwitikia kwa adabu zote, bi mkubwa hivi, bi mkubwa vile, lakini ule mkono wake uliendelea kutuonyesha njia ya kurudi.

Nilisubiri shangazi aitaje Land Cruiser ya mwanawe. Hakuitaja. Alishuka tu, akajifunga buibui vizuri, akaenda kwa madereva wa magari makubwa wanaongoja abiria pale chini. Akamchagua mzee mmoja, akamuuliza yeye ni wa kabila gani, mama yake wa wapi. Dakika kumi hazikupita nikasikia Kiswahili cha Pemba. Mama yake yule mzee amezaliwa Wete!

"Mwanangu," shangazi akarudi kuniambia, "nafasi ni moja. Nyuma kumejaa mitungi ya gesi. Wewe ngoja hapa uangalie gari."

Nililiangalia gari kwa saa tatu na nusu. Joto la nje lilikuwa la kukaangia mandazi, nikaacha injini inaunguruma kwa ajili ya kiyoyozi, huku mshale wa mafuta ukishuka. Chupa ya kahawa alipanda nayo. Aliporudi alikuwa na kikapu cha komamanga, amejifunga shali, anasema juu kuna baridi mpaka meno yanagongana.

Siku ya kurudisha gari karani alilizunguka tena na ile karatasi yake. Kilomita nilizopitisha juu ya 200 kwa siku, baisa 50 kila moja, na baisa elfu ndiyo rial. Sawa, ilikuwa kurasa ya tatu. Mafuta yamepungua, rial tano. Sawa. Kisha akachuchumaa nyuma ya gari, akagusa bampa kwa kidole. Mkwaruzo. Na mlango wa nyuma umebonyea. Haya hayamo kwenye mchoro niliosaini, na bima, ijapokuwa ni bima kubwa, hailipi rial 100 za mwanzo. Hizo hulipa aliyekodi. Yaani amana yangu, kamili.

Nikaapa sijagusa kitu. Akaniuliza kwa upole kama nina picha. Picha gani? Nilikuwa nimepiga mawimbi ya Mutrah, nimepiga komamanga, nimejipiga mimi nimeegemea hilo hilo gari upande mzuri.

"Video si ipo," akasema shangazi. "Nilimpelekea dada yangu Unguja. Iko kwenye kundi."

Kundi la ukoo nilikuwa nimelizima sauti tangu siku ya kufika. Shangazi akaitafuta, akampa karani simu, sauti imefunguliwa mpaka mwisho:

"Dada, asalamu alaykum. Mtoto wa kaka ndiye huyu, kakodi gari. Gari lenyewe kama kibiriti. Tazama huku nyuma limeshakwaruzwa, na hapa mlangoni limebonyea, yeye hajaona. Yupo upande wa abiria anatafuta usukani. Na Land Cruiser ya watu ipo uani. Hebu tuombeeni."

Kwenye benchi kulikuwa na bwana mmoja wa kanzu nyeupe na kofia, anangoja zamu yake. Alikuwa ametulia muda wote. Sasa kofia ikamwanguka kwa kicheko. Karani, ambaye Kiswahili hakijui, akauliza kulikoni, na yule bwana akamfasiria kwa Kiarabu, neno kwa neno, mkwaruzo, mlango, kibiriti na vyote. Karani alijitahidi kukaza uso. Akaitazama tarehe ya video, akachukua kalamu, akafuta deni la bampa na mlango.

Nikashukuru, nikavuta mlango wa ofisi tutoke. Ulikuwa wa kusukuma. Nyuma yangu nikasikia sauti kutoka kwenye benchi:

"Bwana samahani, ule usukani uliuona?"