Mama Mukwe na Shetani wa Maxwell

Mbegu zilikuwa mifuko miwili: maharage mekundu yanayopanda miti, na meupe ya chini. Mke wangu alinikabidhi asubuhi niyapakie kwenye gari la Kabare, kwa mama yake. Ilikuwa Septemba, mvua imeshaanza.

Mimi nafundisha mekanika ya takwimu hapa Bukavu, somo linaloeleza kwa nini chai hupoa na haijipashi moto yenyewe. Miaka yote nalifundisha kwa chaki na ile fomula iliyochongwa kwenye kaburi la mwanafizikia Boltzmann kule Vienna, na miaka yote wanafunzi huinakili huku wakisinzia. Siku ile, saa nane mchana, bugali bado tumboni, nikalitazama begi lenye zile mbegu lilivyovimba. Nikapata wazo.

Nikapanga kwenye sinia punje kumi nyekundu kushoto, kumi nyeupe kulia. Nikatikisa. "Tutikise mara ngapi zirudi zilivyokuwa?" Nikaandika ubaoni: mipangilio ya rangi iko 184,756, tunaoutaka ni mmoja. Tikisa mara moja kila sekunde, usile, usilale, kwa wastani utangoja kama saa 51. Darasa likaguna.

"Profesa, sisi wa nyuma hatuoni!"

Ningeishia hapo. Lakini kusikilizwa kunalevya, hasa asiyezoea. Nikaazima beseni la mama anayepiga deki, nikamimina mifuko yote miwili, nikakoroga mpaka viwiko.

"Haya hayatengani tena, labda mumpate shetani wa Maxwell." Nikawasimulia: mwaka 1867 mwanafizikia Maxwell aliwaza kiumbe kidogo kinachokaa mlangoni, kinachambua molekuli moja moja, zenye mbio, ndizo za moto, huku, za polepole, ndizo za baridi, kule. Wakacheka. Simu ikalia.

"Baba watoto, mama anauliza, mbegu umeshapakia?"

Kesho yake mama mukwe akashuka mwenyewe. Hakunisemesha. Alikaa mlangoni, ungo mapajani, nyekundu huku, nyeupe kule, vidole vikienda kama cherehani. Ndipo wanafunzi wawili wakaja kudai matokeo ya mtihani. Mmoja akamwona, akang'aa uso kama mtu aliyeelewa somo kwa mara ya kwanza.

"Profesa! Si ndiye shetani wa Maxwell huyu!"

Ungo ukasimama.

"Shetani wa nani?"

Nikaeleza kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kimashi. Nikasema ni shetani wa heshima, anasumbua tu sheria ya joto, ile ya chai kutojipasha moto yenyewe. Nikaona nazidi kuzama, nikakimbilia kwa mwanafizikia Landauer: tangu 1961 tunajua kwamba kufuta kumbukumbu kuna gharama yake ya joto, kwa hiyo huyo shetani hulipa pale anaposahau.

"Mimi sisahau," akasema, akaendelea kuchambua.

Januari alituletea mavuno. Ya shemeji zangu yalikuwa mifuko miwili miwili. Letu lilikuwa gunia moja, nyekundu na nyeupe pamoja, na juu yake ungo mpya.