Mkanda wa usalama kwenye paa fupi: fundi ana hoja, ila si yote

Muulize fundi anayepaua nyumba kwa nini hajavaa mkanda wa usalama, naye atakuuliza: niufunge wapi? Si ujeuri. Amesimama juu ya kenchi zilizoshikwa kwa misumari michache na mbao za muda, na sehemu imara ya kufungia kamba ndiyo kwanza anaijenga.

Hesabu nayo iko upande wake. Kamba ya kawaida ya mkanda ina mita 1.8. Ukianguka inanyooka yote, kisha kipunguza mshtuko kinafumuka na kuongeza karibu mita 1, halafu kuna mwili wako kuanzia mgongoni hadi nyayoni, na nafasi kidogo ya tahadhari. Kamba ikifungwa usawa wa miguu, inahitaji zaidi ya mita 5 za uwazi chini yake. Kenchi za nyumba isiyo na ghorofa ziko kama mita 3 kutoka ardhini. Utatua kabla kamba haijakukamata.

Malalamiko ya aina hii yaliwahi kusikilizwa. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1994 ilitaka kinga dhidi ya kuanguka kuanzia futi 6, yaani mita 1.8. Mwaka uliofuata masharti yakalegezwa kwa wajenzi wa nyumba za makazi, na yakabaki hivyo hadi Desemba 2010 ulegezaji ulipofutwa. Tangu hapo mkandarasi anayesema kinga za kawaida haziwezekani sharti athibitishe, tena aandike mpango wa saiti ile ile. Naona ni sawa kumbebesha yeye mzigo huo, ingawa karatasi hunakiliwa kirahisi kutoka saiti moja hadi nyingine.

Anapokosea fundi ni pale anapotoka kwenye “mkanda hautafaa” na kurukia “basi hakuna kinachofaa”. Mkanda ni kinga ya mwisho. Kabla yake kuna kuunganisha kenchi chini na kuzipandisha zikiwa tayari, kuna jukwaa lenye reli kuzunguka kuta, kuna wavu. Tena si kila anayeanguka yuko juu ya paa. Tundu la ngazi ya ndani hufunikwa kwa plaiwudi isiyopigiliwa. Saidia fundi anaiona, anadhani ni ubao uliosahaulika, anauinua kwa mikono miwili mbele ya kifua na kupiga hatua. Ubao wenyewe umemziba macho. Misumari minne na neno TUNDU kwa rangi vingetosha, na hapo sioni hoja ya upande wa pili.

Jukwaa ni suala gumu zaidi. Kulifunga kwa kazi ya siku mbili kunaweza kuchukua muda karibu sawa na kazi yenyewe, na wanaolifunga nao wako juu. Uingereza, mwaka 2005, iliacha kipimo cha mita 2 na kudai kinga popote mtu anapoweza kuanguka akaumia. Ni haki, kwa sababu hata ngazi fupi inaua, lakini mkandarasi mdogo hupenda namba anayoweza kuipima kwa futi kamba.

Na kuna zabuni. Aliyeweka jukwaa kwenye bei yake hushindwa na ambaye hakuliweka, isipokuwa mchoraji wa ramani na mwenye nyumba waliandike kwenye jedwali la gharama, mstari wake peke yake, kama saruji na nondo. Likifichwa kwenye “mengineyo”, ndilo la kwanza kukatwa.