Flopi Mbili, Usiku Mzima

Kinachonikera zaidi katika kusimika FreeBSD toleo la 4 (mfumo endeshi wa jamii ya Unix) kwenye kompyuta kuukuu isiyoweza kuwaka kwa CD si usimikaji wenyewe, bali ni kule kutayarisha flopi (diski laini) mbili za kuwashia, kutokana na mafaili mawili, kern.flp na mfsroot.flp. Mafaili haya hayanakiliwi kama barua ya kawaida. Ni lazima yaandikwe sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kimoja baada ya kingine cha diski, kwa programu ya fdimage ukiwa ndani ya DOS, au kwa amri ya dd ukiwa tayari na Unix (ambayo, kama ningekuwa nayo, nisingehangaika hivi). Flopi ya 1.44 MB ina sekta 2,880 za baiti 512 kila moja, na ikiharibika moja tu mahali pabaya, kazi yote imekwenda na maji. Ubaya ni kwamba uandishi unaweza kumalizika kimya, bila hata onyo, kisha kompyuta ikaanza kusoma, ikakoroma, ikakwama katikati ya safari. Juzi nilifungua pakiti mpya ya flopi kumi, nikatupa nne kabla ya kupata mbili zinazosomeka, na nilipoingiza ya pili ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nimeandika kern.flp mara mbili.