Matanuru ya Erfurt

Kampuni ya Topf & Söhne ilianzishwa Erfurt, Ujerumani, mwaka 1878. Ilijulikana zaidi kwa mitambo ya kutengenezea kimea cha bia. Matanuru ya kuchomea maiti yalikuwa pembeni tu: hata wakati wa kuyauzia SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi za mateso na mauaji, yaliingiza takriban asilimia 2 ya mauzo yote.

Hapo ndipo ninapokwama. Mtu akiniambia alitenda uovu kwa njaa, nitamsikiliza. Ndugu wawili wenye kampuni, Ludwig na Ernst-Wolfgang Topf, hawakuwa na njaa. Walijiunga na chama cha Nazi mwaka 1933, ila hawakuwa wafuasi wa kufa na kupona. Waliwaajiri Wakomunisti na watu wenye mzazi Myahudi, wakawakingia kifua. Kwangu mimi hilo haliwapunguzii lawama hata kidogo, linaziongeza. Walijua utawala ule unawafanyia watu nini, na walijua inawezekana kuukwepa pale mtu anapotaka.

Mhandisi wao Kurt Prüfer alikwenda mara kadhaa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Kule Birkenau, sehemu ya kambi hiyo, walijenga matanuru yenye jumla ya midomo 46, na fundi wao mwingine akafunga mitambo ya kuondoa hewa ya sumu katika vyumba vya gesi walimouawa watu. Tanuru unaweza kudai ni la waliokufa kwa maradhi. Mitambo ile je? Mwaka 1942 Fritz Sander, mhandisi mwingine, aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya tanuru la kuchoma maiti wengi mfululizo. Alilibuni mwenyewe, kwa hiari yake, kama mtu anayeboresha jiko la kuokea mikate.

Ludwig alijiua tarehe 31 Mei 1945, akiacha barua ya kusisitiza kwamba hana hatia. Ernst-Wolfgang alihamia magharibi mwa Ujerumani, akafungua kampuni upya Wiesbaden mwaka 1951, na hakuwahi kutiwa hatiani. Inaniuma kuandika hivyo.

Tangu 2011 jengo la ofisi zao Erfurt ni mahali pa kumbukumbu. Kutoka madirishani wachoraji wa ramani za matanuru waliuona mlima Ettersberg, ilikokuwa kambi ya mateso ya Buchenwald. Ukutani kwa nje yameandikwa maneno ya adabu waliyofungia barua zao kwa SS: tunafurahi daima kuwafanyia kazi.